Mkulima, wakulima, kilimo: laibrari gani itanitafutia maandishi ya Kiswahili?

Karibuni tena kwenye safu ya maswali. Barua za mara hii karibu zote zimegonga sehemu moja, watu wana maandishi mengi ya Kiswahili kwenye kompyuta, wanataka yatafutike au yachambulike, wakiingia mtandaoni wanakutana na majina kibao ya programu na laibrari, yaani vifurushi vya programu vilivyoandikwa tayari, na kila jina lina watu wanaoapa kwamba hilo ndio lenyewe. Nimechagua barua chache, zinazofanana nimeziunganisha, na ya Morogoro nimeijibu kwa urefu kwa sababu humo ndio kuna msingi wa nyingine zote.

Swali kutoka Morogoro

*Shikamoo mwalimu. Ofisi yetu ina vipeperushi, ripoti na miongozo ya kilimo kama elfu kumi hivi, PDF na Word, nyingi Kiswahili. Mabwana shamba na mabibi shamba wanataka waandike neno, wapate karatasi inayohusika. Mwenzangu mmoja anasema tuweke Elasticsearch, wa pili anasema spaCy ndio inayoelewa lugha, wa tatu alisoma NLTK chuoni na hataki kusikia kingine. Sava tunayo moja tu, ramu gigabaiti 8. Tushike lipi?*

Marahaba ndugu yangu. Kwanza niwatoe kwenye huo ubishi maana mnashindanisha vitu visivyofanya kazi moja, ni sawa na kubishana kama mnunue ghala au mnunue mizani.

Kuna ukoo wa kutafuta. Baba yao ni Lucene, aliianza Doug Cutting mwaka 1999, imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Java. Juu yake ikajengwa Solr mwaka 2004 na Yonik Seeley akiwa kampuni ya CNET, halafu Elasticsearch ya Shay Banon ikatoka 2010. Hizi kazi yake ni kuchukua karatasi zako zote, kuzikata maneno, na kuandika daftari kubwa linalosema neno fulani limo kwenye karatasi ya 12, ya 340 na ya 7,015. Ukitafuta, haisomi karatasi upya, inafungua daftari. Halafu inapanga majibu kwa hesabu inayoitwa BM25, ambayo kwa ufupi inalipa uzito neno linalopatikana kwenye karatasi chache kuliko neno lililojaa kila mahali, hilo wazo la uzito wa neno adimu Karen Spärck Jones alilitoa 1972 na mpaka leo ndio linaendesha mambo. Na kwa kuwa Solr na Elasticsearch zote zimesimama juu ya Lucene, kwa upande wa lugha zinafanana sana, msipoteze wiki mbili kubishana kati yake.

Ukoo wa pili ni wa kuchambua lugha. NLTK ilianzia Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 2001 na Steven Bird na Edward Loper, ikiwa ya kufundishia wanafunzi, na kwa kufundishia bado ni nzuri mno. spaCy ikaja 2015 kwa ajili ya kazi za ofisini, Stanza ya Stanford ikaja 2020. Hizi unazipa sentensi zinakwambia hili ni jina, hiki ni kitenzi, huyu ni mtu, hapa ni mahali, shina la neno ni hili. Hazitunzi daftari lolote la karatasi zako. Ukimaliza kuchambua elfu kumi zote, bwana shamba akiandika "viwavijeshi" spaCy haina pa kumtafutia.

Kwa hiyo nyie mnahitaji ukoo wa kwanza, hilo limeisha. Ugumu wenyewe uko mbele kidogo, na hapa ndio naomba mnisikilize vizuri kwa sababu watu wengi wanainstoli wanafurahi halafu baada ya mwezi wanasema "mbona haipati vitu".

Kabla neno halijaingia kwenye daftari linapitia kitu kinaitwa analaiza. Analaiza inakata maandishi kuwa maneno, inayapunguza herufi kubwa, na kwa lugha zenye bahati inayarudisha kwenye shina, hiyo sehemu inaitwa stema. Ya Kiingereza maarufu ni ya Martin Porter ya mwaka 1980, na baadaye yeye huyohuyo akatengeneza Snowball ambayo ina stema za lugha nyingi. Sasa fungua orodha ya analaiza za Lucene, utakuta Kiarabu, Kihindi, Kiindonesia, Kituruki, Kibaski, hata Kiayalandi. Kiswahili hakimo. Snowball vilevile hakimo. spaCy nayo, kwenye modeli zake rasmi, yaani programu zilizokwisha fundishwa lugha kwa mifano mingi, Kiswahili hakimo. Lugha inayosemwa kuanzia Lamu mpaka Lubumbashi, na ukitaka kutafuta "mkulima" programu haijui kwamba "wakulima" ni walewale. Mimi hili linanikera kwa kweli, ndio maana naandika kwa urefu.

Sababu mojawapo ni kwamba stema nyingi zimezoea kukata mkia wa neno, na sisi maneno yetu yanabadilika kichwani. Kitabu, vitabu. Ugonjwa, magonjwa. Muhogo, mihogo, na kuna anayeandika mhogo. Ukija kwenye vitenzi ndio kabisa: analima, walilima, hawatalima, aliyelima, linalolimwa. Mtu akiandika "kulima" na karatasi imesema "walilima", kwa kompyuta hayo ni maneno mawili yasiyojuana.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, msiache analaiza ya Kiingereza kwa sababu tu ndio iliyokuwepo. Ile inakata "e" ya mwisho, kwa hiyo "walime" inakuwa "walim" wakati "lima" inabaki "lima", yaani imewatenganisha zaidi. Pia ina orodha ya maneno ya kutupwa ambayo kwa Kiingereza hayana maana, na ukitumia ile ya Kiingereza iliyo kwenye programu ya databesi ya Postgres neno "same" limo kwenye hiyo orodha. Mtu wa wilaya ya Same, Kilimanjaro, akitafuta ripoti za wilaya yake kwa jina lake hapati kitu na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaomwambia kwa nini. Tumieni ile ya kawaida isiyojifanya inajua lugha, inayokata maneno na kushusha herufi kubwa basi.

Pili, kaeni chini muandike orodha ya visawe wenyewe. Toeni kwenye karatasi zenu majina yanayojirudia zaidi, wekeni umoja na wingi pamoja: mkulima na wakulima, jembe na majembe, mbegu inabaki mbegu, muhogo mhogo mihogo. Ongezeni majina ya kazi yenu, batobato na michirizi kahawia viko kwenye magonjwa ya muhogo, yule asiyejua jina la ugonjwa ataandika "ugonjwa wa muhogo" tu na anastahili kupata. Hii kazi ifanywe na bibi shamba mwenye uzoefu akikaa na kijana wa kompyuta, asiachiwe kijana peke yake. Nawaambia hii orodha itawasaidia kuliko programu yoyote mtakayonunua.

Tatu, vitenzi. Njia rahisi ni kukata maneno vipande vya herufi tatu tatu ili "walilima" na "kulima" vikutane kwenye "lim" na "ima". Inafanya kazi, lakini ina uchafu wake: anayetafuta "lim" atapata kilimo na mkulima, atapata pia mwalimu, elimu na Kilimanjaro. Jaribuni "kata" muone inavyowaletea mkataba, kukataa na takataka. Kwa hiyo vipande visiwe ndio utafutaji wenyewe, viwekeni kwenye sehemu ya pili yenye uzito mdogo, neno kamili likipatikana lishike juu, visawe vifuate, vipande vije mwisho kuokoa pale ambapo hakuna kingine.

Kuhusu sava, karatasi elfu kumi ni kidogo kwa hizi programu. Elasticsearch inashauriwa isipewe zaidi ya nusu ya ramu kwa ajili ya Java, nusu nyingine iachiwe mfumo ushikilie faili za indeksi, yaani lile daftari, kwenye gigabaiti 8 mtaweza lakini mtakuwa mmeleta mtambo mkubwa unaohitaji mtu wa kuulea. Mimi kwenu ningeanza na databesi ndogo ya SQLite na ile sehemu yake ya kutafuta maandishi iitwayo FTS5, haihitaji sava ya peke yake, ni faili moja unalinakili kwenye flashi, na tangu mwishoni mwa 2020 ina hiyo njia ya herufi tatu tatu ndani yake. Mkikua mtahamia Solr, orodha yenu ya visawe mtaibeba hivyohivyo.

Na kabla ya yote hayo fungueni hizo PDF mjaribu kunakili sentensi. Ikigoma kunakilika basi ni picha ya skana, haina maandishi ndani, hakuna laibrari ya kutafuta itakayoona kitu. Tesseract inasoma picha kuwa maandishi na ina data ya Kiswahili, ila mpitie matokeo kwa macho.

Mwisho kabisa kwenu, waombeni mabwana shamba waandike maswali hamsini kama wanavyoyaandika wao kwenye simu, na makosa yao, kwa kila swali wawaonyeshe karatasi ipi ilipaswa kuja. Kila mkibadilisha kitu pitisheni hayo hamsini muone yaliyoongezeka na yaliyopotea. Hapo ubishi wa nani anasema nini unaisha wenyewe.

Swali kutoka Mombasa

*Assalam aleikum. Nina databesi ya Postgres ya matangazo ya mifugo na vyakula. Mtu akitafuta ng'ombe mara apate vitu havihusiani kabisa, mara asipate kitu, na wengine wanalalamika wakitumia simu ndio hawapati hata kidogo. Nimeambiwa nihamie Elasticsearch. Yafaa?*

Waaleikum salaam dadangu. Usihame, shida yako ni ile ritifaa tu, kale kamkia ka juu kwenye ng'.

Hako kamkia kwenye kompyuta ni herufi tatu tofauti zinazofanana machoni. Kuna ya wima inayotoka kwenye kibodi ya kawaida, kuna iliyopinda ambayo simu nyingi huiweka zenyewe unapochapa, na kuna ya tatu ambayo Unicode, ile orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, inaihesabu kuwa herufi kabisa. Anayeuza ameandika kwa laptopu, anayenunua anatafuta kwa simu, kwa mashine hawajaandika neno moja. Halafu Postgres ikikutana na ritifaa inakata hapo, inabaki na "ng" na "ombe", ndio maana unaona mambo ya ajabu. SQLite inakata vilevile usipoiambia isikate. Lucene haikati, inafuata kanuni za Unicode za mipaka ya maneno, lakini ya wima na iliyopinda inaziweka kama maneno mawili, kwa hiyo ungehamia Elasticsearch ungebadilisha ugonjwa tu.

Tengeneza safu ya pili kwenye jedwali, ya kutafutia tu, ambayo umeondoa ritifaa za aina zote tatu na kushusha herufi kubwa: ng'ombe inakuwa ngombe. Swali la mteja nalo lipitishe kwenye usafi huohuo kabla halijafika kwenye databesi. Watu wengi wanaandika ngombe bila kitu chochote hapo juu, hao nao utakuwa umewapata. Yale maandishi ya asili yabaki kama mwenye tangazo alivyoandika, ndiyo utakayoyaonyesha. Tumia usanidi unaoitwa simple, usitumie wa Kiingereza, sababu nimeieleza kwenye barua ya Morogoro. Na kwa wanaokosea, aliyeandika samki akitaka samaki, washa kiendelezi cha pg_trgm kinalinganisha vipande vya herufi.

Postgres ina utafutaji wa maandishi ndani yake tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, kwa matangazo ya kiwango chako itakubeba muda mrefu. Siku ukiona matangazo yamefika mamilioni, au unataka kuchuja kwa bei na mji na aina vyote kwa mpigo huku ukihesabu vilivyobaki kila upande, siku hiyo niandikie tena.

Swali kutoka Nairobi

*Sasa mwalimu. Niko kwa kitengo cha huduma kwa wateja, tunapokea meseji mob sana kila siku, Kiswahili, Sheng na Kizungu zimechanganywa kwa sentensi moja. Tunataka kujua gani ni malalamiko na gani ni swali tu, na tutoe majina ya mahali. Bosi anataka Elasticsearch, mimi naona ni spaCy ama NLTK. Nani ako sawa?*

Poa sana. Hapa wewe ndio uko karibu zaidi, hii ni kazi ya kuchambua. Lakini kabla hujamwambia bosi, sikiliza kitu kimoja ambacho ni kinyume cha nilichowaambia watu wa Morogoro.

Kwenye kutafuta tunapigania "imefika" na "haijafika" zihesabiwe ukoo mmoja. Kwako wewe hiyo tofauti ndio kazi yote. Mteja akisema "pesa imefika" ameridhika, akisema "pesa haijafika" analia. Kiswahili kinaweka ukanushaji ndani ya kitenzi, mwanzoni kabisa, "sijapata", "hamjanijibu", "haifanyi", kwa hiyo ukichukua stema ikakata vichwa vya maneno umefuta lalamiko lenyewe na umebaki na "fika" na "pata". Wengi wanafuata masomo ya Kiingereza yanayoanza na "toa maneno yasiyo na maana, rudisha kwenye shina", na kwa Kiingereza "not" ni neno la peke yake wanaweza kuliacha wakijua. Kwetu halionekani. Usisafishe sana. Punguza herufi kubwa, panga ritifaa, basi.

Kwa kutenganisha malalamiko usikimbilie modeli kubwa. Chukua meseji elfu kadhaa, wewe na wenzako mzipige alama kwa mkono, wawili wawili kwa kila meseji muone mnakubaliana kiasi gani, maana kama nyie wenyewe hamkubaliani mashine haitawashinda. Halafu tumia fastText au scikit-learn, laibrari za kufundisha mashine kwa mifano, kwa vipande vya herufi. Vipande vya herufi vinakamata "haija" na "sija" bila kufundishwa sarufi, na vinavumilia Sheng na makosa ya kuchapa, mtu akiandika "imehang", "ime-hang" au "imehangiii" bado zinafanana. Inakimbia kwenye laptopu ya kawaida. Hii iwe kipimo chako, na modeli kubwa utakayoleta baadaye ikishindwa kuipita, usiitumie.

Majina ya mahali ni ngumu zaidi. Jamaa wa Masakhane, watafiti wa Kiafrika wa lugha zetu, walitoa MasakhaNER mwaka 2021, maandishi ya lugha kumi za Afrika yaliyopigwa alama za watu, mahali, taasisi na tarehe, na Kiswahili kimo. Mwaka 2022 wakaongeza mpaka lugha ishirini. Juu yake unaweka modeli kama XLM-R iliyofundishwa kwa lugha 100 na Kiswahili kikiwemo, au AfroXLMR ambayo imeendelezwa zaidi kwa lugha za Afrika. Lakini yale maandishi ni ya magazeti, na mwandishi wa gazeti hasemi "niko Ronga nashuka tao", akimaanisha Ongata Rongai na mjini. Kwa hiyo hiyo modeli itakupatia Nakuru na Kisumu vizuri, Ronga na Umo (Umoja) itayumba. Andika orodha ya majina ya mitaa kama watu wanavyoyaita, iwe inafanya kazi pamoja na modeli. spaCy inaingia hapo vizuri kama fremu, ina sehemu ya kuweka kanuni na orodha zako na sehemu ya kufundisha modeli yako mwenyewe. NLTK mimi ningeiacha kwa kujifunzia.

Na bosi si mbaya pia. Mkishamaliza kupiga alama, meseji zenye alama zikiwekwa kwenye Elasticsearch ataweza kuuliza "malalamiko ya Nakuru wiki hii" akapata. Ila inafuata, haitangulii.

Kitu kingine kabla hujafunga laptopu. Hizo ni meseji za wateja, zina majina na namba za simu, na Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019. Usizirushe kwenye huduma ya nje kwa sababu tu ni rahisi. Njia niliyokueleza yote inafanyika ndani ya mashine yenu.

Swali kutoka Dodoma

*Tunasikia Elasticsearch si programu huria tena. Sisi ni ofisi, tutapata shida?*

Kwa matumizi ya ndani ya ofisi, hapana. Mwaka 2021 waliacha leseni huria ya Apache 2.0, Amazon wakachukua toleo la zamani wakaliendeleza kwa jina la OpenSearch, halafu 2024 Elastic wakaongeza AGPL ambayo ni leseni huria. Walengwa walikuwa wanaouza hiyo programu kama huduma. Mkitaka msifikirie kabisa hayo mambo, Solr na OpenSearch ziko Apache 2.0, spaCy ina leseni ya MIT ambayo nayo ni huria, SQLite haina mwenyewe kisheria. Angalieni zaidi leseni za modeli na data, hizo ni kitu kingine kabisa, laibrari inaweza kuwa huru kabisa na modeli unayoipakia ndani yake ikakataza biashara.

Swali kutoka Muscat

*Assalam aleikum ndugu. Tuna barua za wazee wetu kutoka Unguja, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Vijana wameshazichapa kwenye kompyuta kwa herufi zilezile. Tukitumia analaiza ya Kiarabu itafaa?*

Waaleikum salaam. Haitafaa, na naomba msiijaribu hata kwa muda maana itaonekana kama inafanya kazi. Analaiza ya Kiarabu ya Lucene inaondoa harakati zote, yaani zile alama za irabu, kwa Mwarabu ni sawa kwa sababu maneno yake yanasomeka bila hizo, ila kwetu irabu ndizo zinazobeba neno, ukiziondoa "bata" na "bati" zinabaki kitu kimoja. Halafu stema yake inakata herufi ya wau, ile ya sauti ya w, mwanzoni mwa neno ikidhani ni kile kiunganishi cha "na", kwa hiyo "walikuja", "walisema", "wakasafiri", kila neno refu kidogo linaloanza na wa- linakatwa kichwa.

Tena maandishi ya zamani mengi hayatofautishi e na i, wala o na u, na p mara nyingine imeandikwa kwa ba. Hakuna programu itakayoamua hayo, anahitajika mtu anayejua lahaja ya Unguja na mambo ya familia. Mumpate mzee au mama anayesoma hati hizo, mtu amkalie pembeni aandike kwa herufi za Kilatini, muwe na vitu vitatu vilivyofungwa pamoja: picha ya barua, maandishi ya Kiarabu, na ya Kilatini. Tafuteni kwenye hayo ya Kilatini, onyesheni picha. Chuo cha SOAS kule London wana mkusanyo wa miswada ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu, mkiangalia walivyoielezea mtapata namna ya kupanga zenu. Na hili lifanyeni mapema wakati wasomaji wapo.

Swali kutoka Dar es Salaam

*Shikamoo. Niko mwaka wa tatu, nataka mradi wangu uwe stema ya Kiswahili. Mwenzangu ananiambia nimechelewa, siku hizi kuna utafutaji wa vekta, hakuna haja ya mashina. Kweli?*

Marahaba kijana wangu, hujachelewa kabisa.

Vekta ni kweli zinasaidia. Modeli kama LaBSE ya mwaka 2020, lugha 109 na Kiswahili kimo, inageuza sentensi kuwa orodha ya namba, sentensi zenye maana ya karibu zikapata namba za karibu, na Lucene inazitunza tangu toleo la 9 la mwaka 2021, Postgres nayo kwa kiendelezi cha pgvector. Mkulima akiuliza "wadudu wanaokula mahindi usiku" anaweza kupata karatasi ya viwavijeshi hata kama neno hilo hakulitaja. Jambo hilo orodha ya visawe hailiwezi vizuri. Lakini zipe hizo vekta namba ya kiwanja, jina la mtu, jina la dawa, aina ya mbegu, zitakuletea vinavyofanana na si kile ulichokuwa unakitaka. Pia hazikwambii kwa nini zimeleta zilicholeta, shina linakwambia. Wanaofanya kazi hii kwa uzito wanaweka vyote viwili na kuchanganya majibu, na upande wa maneno kwa Kiswahili bado uko wazi vilevile kama nilivyowaeleza Morogoro. Hapo ndio pako.

Usianze kutoka sifuri. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kazi ya SALAMA mwaka 1985, kichambuzi cha Kiswahili kinachovunja neno kipande kwa kipande, kwa nadharia ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi ya mwaka 1983, na kutoka huko ndio tumepata Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, mkusanyo wa maandishi yaliyochambuliwa, yenye maneno kama milioni 25. Soma maandiko yake. Zana za kuandikia kanuni za aina hiyo zipo bure, HFST na foma ya Mans Hulden. Hiyo ndio njia kamili, ila kwa mwaka mmoja wa masomo ni ndefu.

Mradi wako mimi ningeufanya mdogo hivi. Andika stema nyepesi kwa lugha ya Snowball, na soma kwanza stema yao ya Kiindonesia kwa sababu hiyo inakata viambishi vya mwanzoni, si mikia tu kama ya Kiingereza. Anza na vitenzi, nafasi zinajulikana: kiambishi cha nafsi, cha wakati, kirejeshi, mtendwa, mzizi, kauli, irabu ya mwisho. Usikate kama kitakachobaki ni kifupi mno, la sivyo "alama" itakuwa "lama" na "wakati" itakuwa "kati". Majina yasiyofuata kawaida, jino na meno, jicho na macho, ulimi na ndimi, yaweke kwenye orodha wala usihangaike na kanuni. Vitenzi vya silabi moja vitakutesa, "anakula" inaonyesha ku, "hali" haionyeshi, na "hali" hiyohiyo ni hali ya hewa. Kata kidogo kuliko kukata sana, anayetafuta akikosa karatasi moja ataongeza neno, akiletewa mia mbili zisizohusika ataacha kutumia.

Tengeneza orodha ya maneno elfu mbili tatu yenye mashina yake uliyoyahakiki na mwalimu wa isimu hapo chuoni, hiyo ndio itakupa maksi na ndio itakayowashawishi wengine. Halafu itume Snowball wenyewe, wanapokea lugha mpya zikiwa na maelezo na mifano. Wakiikubali, Postgres huchukua stema zake kutoka huko na Lucene ina Snowball ndani yake, kwa hiyo yule wa Morogoro siku akihamia Solr itafika mpaka kwenye sava yake.